Maji, Barafu na Mvuke: Joto na Halijoto katika Msamiati wa Kiswahili, kwa Mifano ya Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Maji ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu, pasipo kuingia maabara, anaweza kuvishuhudia katika hali zote tatu za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Yakipozwa hadi nyuzi 0 za Sentigredi huganda na kuwa barafu. Yakipashwa moto hadi nyuzi 100, kwa kanieneo ya hewa iliyoko usawa wa bahari, huchemka na kuwa mvuke. Maelezo haya hupatikana katika kila kitabu cha sayansi cha shule ya msingi nchini Tanzania, na kila mwanafunzi aliyemaliza darasa la saba amewahi kuyaandika daftarini.

Mhadhara huu hauna lengo la kufundisha fizikia. Lengo lake ni kuchunguza namna lugha ya Kiswahili inavyoyataja mabadiliko hayo: ni maneno yapi yaliyotokana na uzoefu wa wasemaji wenyewe, yapi yalikuja na wageni, yapi yalibuniwa na wanaistilahi, na ni wapi maneno hayo yanapomsaidia au kumkwaza mtu anayejifunza sayansi. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili cha kila siku huzitaja hali za maji kwa kufuata milango ya fahamu, yaani jicho na ngozi, ilhali sayansi hudai zitajwe kwa kufuata sababu. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili, hasa unyambulishaji wa vitenzi, tayari ina nyenzo za kutaja sababu. Upungufu uliopo si wa lugha. Ni wa matumizi ya hazina iliyomo.

2.0 Mahali na lugha zake

Mifano mingi imechukuliwa kutoka Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Uchaguzi huu una sababu mbili. Kwanza, ni eneo ambamo maji hujionyesha kwa sura nyingi. Mji wa Kilosa uko kando ya mto Mkondoa, chini ya milima ya Usagara, na watu wake wanaikumbuka vema nguvu ya mto huo kutokana na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoharibu makazi na kuisomba sehemu ya Reli ya Kati. Mikumi, iliyomo katika wilaya hiyohiyo, ina hali nyingine: Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 ina uwanda wa mto Mkata, ambao masika hujaa maji na kiangazi hubakia na mabwawa machache ambamo viboko hubanana. Baina ya misimu hiyo miwili maji yale hayapotei. Sehemu huzama ardhini, sehemu hutiririka, na sehemu kubwa hupanda angani bila mtu kuyaona yakipanda.

Pili, ni eneo la mkutano wa lugha. Kisagara, Kividunda na Kikaguru huzungumzwa Kilosa na maeneo jirani, pamoja na Gairo iliyomegwa kuwa wilaya mwaka 2012. Lugha hizi zimo katika kundi linalojulikana na wanaisimu kama Ruvu Kuu, na kwa mujibu wa uainishaji uliotumiwa na Nurse na Hinnebusch katika kazi yao ya mwaka 1993, Ruvu na Sabaki, ambamo Kiswahili kimo, ni matawi ya mti mmoja wa Kibantu cha Pwani ya Kaskazini Mashariki. Mashamba ya mkonge, reli na barabara kuu ya kwenda Iringa yaliwaleta watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Hata jina la Mikumi linatokana na mti: mkumi ndilo jina la huko la mnazi pori mrefu ambao katika Kiswahili sanifu huitwa mvumo.

Neno lenyewe "maji" ni la Kibantu halisi. Limo katika Kiganda kama "amazzi", katika Kikikuyu kama "maaĩ", katika Kichewa kama "madzi" na katika Kizulu kama "amanzi". Wazungumzaji wa Kishona, kwa upande wao, huyaita maji "mvura", neno ambalo ni ndugu wa "mvua" ya Kiswahili. Wagogo, majirani wa Kilosa upande wa magharibi, huyaita "malenga", neno ambalo kwa Mswahili ni jina la mtunzi wa mashairi. Kwa hiyo kimiminika chenyewe kina jina la asili. Hali nyingine mbili zina historia tofauti.

3.0 Barafu: jina la kitu kilichotoka mbali

Neno "barafu" limetoka Kiajemi, ambako "barf" ni theluji, na limepita pia katika lugha za Bara Hindi zilizofanya biashara na pwani. "Theluji" imetoka Kiarabu. Jambo hili halishangazi. Kilosa iko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na hapana usiku wowote ambao maji huganda huko yenyewe. Watu hawatungi jina la kitu wasichokiona.

Mfano maarufu zaidi wa pengo hili unatoka Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huo kwa mara ya kwanza na akatambua kuwa weupe wa kileleni ni theluji. Kwa mujibu wa shajara yake, kiongozi wa msafara alikiita kitu kile kwa neno moja tu: baridi. Mjini London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta, na ubishi ule haukutulia mpaka baada ya safari za Baron von der Decken za mwaka 1861 na 1862. Kwa mwanaisimu, lililo muhimu zaidi ni jibu la yule kiongozi. Hakukosea. Alikitaja kitu kwa namna kinavyohisiwa na ngozi, kwa kuwa lugha yake ya biashara haikuwa na jina jingine. Wachaga, walioishi chini ya mlima, walikuwa na jina lake na walijua kuwa kitu kile kikiletwa bondeni huwa maji.

Lakini kukosa jina la asili la barafu si sawa na kukosa dhana ya kuganda. Kitenzi "ganda" ni cha Kibantu, na maana yake ya msingi ni kushikamana au kunata. Damu huganda, maziwa huganda, uji uliopoa huganda, gundi huganda. Mkaazi wa Kilosa anayetumia mafuta ya nazi anafahamu kwamba asubuhi za Juni na Julai chupa huamka na kitu cheupe kigumu, na kwamba jua likipanda kitu kile hurudi kuwa mafuta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Hivyo, badiliko kutoka kimiminika kuwa yabisi limekuwa likionekana katika nyumba za Waswahili tangu zamani, ila kwa mafuta badala ya maji.

Hapa ndipo neno linapohitaji uangalifu wa mwalimu. Kiswahili kimeyaweka chini ya kitenzi kimoja mambo ambayo sayansi huyatenganisha. Mafuta ya nazi yaliyoganda yakipashwa joto hurudi. Maziwa yaliyoganda kuwa mtindi yakipashwa joto hayarudi kuwa maziwa mabichi, na damu iliyoganda hairudi. La kwanza ni badiliko la hali. Mengine ni mabadiliko ya kitu chenyewe. Lugha yenyewe inatoa kipimo chepesi cha kuyatofautisha: ambacho mtu anaweza kusema "kimeganda" kisha "kimeyeyuka" ni cha kundi la kwanza. Hapana msemaji anayesema kwamba mtindi umeyeyuka ukawa maziwa. Sarufi ya kuganda na kuyeyuka, basi, inajua tofauti ambayo kitenzi kimoja pekee kinaificha.

4.0 Mvuke, moshi na ukungu

Tofauti na barafu, hali ya gesi ina majina mengi ya asili, nayo yote yamefungamana. "Mvuke", "kufuka", "kufukiza", "mafukizo" na "kuvukiza" ni maneno ya ukoo mmoja. Chungu hufuka mvuke. Chetezo hufuka moshi wa udi. Mgonjwa hujifukiza kwa majani ya mwarobaini. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, tendo hilo la mwisho lilienea nchini Tanzania kwa jina la kupiga nyungu, na nyungu si kingine ila chungu. Katika maneno yote haya hapana mpaka imara baina ya moshi na mvuke. Vyote ni vitu vyeupe au vya kijivu vinavyopanda kutoka kwenye kitu chenye joto.

Historia ya maneno inathibitisha mchanganyiko huo. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Kilosa. Chombo kilichopita juu yake kilisukumwa na mvuke, lakini watu walikiita gari la moshi, kwa kuwa moshi ndio ulioonekana kwa mbali. Jina hilo limedumu kuliko chombo chenyewe. Mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma kupitia Kilosa, na bado wapo wasemaji wanaoziita garimoshi, ijapokuwa hazina moshi wala mvuke.

Mfano wa pili ni wa pombe. Sheria ya mwaka 1966 iliyodhibiti pombe kali ya kienyeji iliandikwa kwa Kiingereza, lakini pombe yenyewe iliitwa humo kwa neno la Kiswahili, "moshi". Jina hili ni maelezo ya kifizikia kwa ufupi. Mtengenezaji huchemsha pombe ya kawaida katika chombo kilichofunikwa; alkoholi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, hutangulia kupanda kama mvuke; mvuke hupitishwa katika bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi; na upande wa pili hudondoka kimiminika. Tendo hili lina kitenzi chake cha Kiswahili, "keneka", ambacho wanaistilahi wamekichukua na kukisanifisha. Uharamu wa kinywaji hicho haufuti ukweli kwamba katika vijiji vingi wapo watu wasiokwenda shule ambao wanaelewa, kwa vitendo, kwamba gesi ikipoteza joto hurudi kuwa kimiminika.

Lipo pia jambo ambalo jicho haliwezi kulijua lenyewe. Mvuke wa maji, ukiwa gesi halisi, hauonekani. Mtu akitazama mdomo wa birika linalochemka ataona kwamba karibu kabisa na mdomo pana nafasi tupu, kisha mbele yake hutokea wingu jeupe. Nafasi tupu ndiyo gesi. Wingu jeupe ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa na kurudi kimiminika. Kwa hiyo kile kinachoitwa mvuke katika lugha ya jikoni si gesi. Ni ndugu wa ukungu unaotanda juu ya uwanda wa Mkata alfajiri, na wa mawingu yanayokaa juu ya milima ya Usagara. Kiswahili kina majina matatu, mvuke, ukungu na wingu, kwa kitu ambacho kwa sayansi ni kimoja, na neno moja, mvuke, kwa vitu viwili ambavyo sayansi huvitenganisha. Mwandishi wa kitabu cha kiada asipolitaja jambo hili, mwanafunzi atalazimika kuamini kwamba gesi ni kitu cheupe.

5.0 Joto na halijoto

Tatizo kubwa zaidi la msamiati limo katika neno dogo "joto". Msemaji husema "leo kuna joto", "maji yana joto", "mtoto ana joto", "ongeza joto". Katika sentensi hizi neno hutaja mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha ukali wa joto, kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. La pili ni nishati inayoingia katika kitu au kutoka ndani yake. Wanaistilahi waliitambua shida hii na wakatoa maneno mawili kwa lile la kwanza. "Jotoridi" limeundwa kwa kuunganisha joto na kipande cha neno baridi; "halijoto" limeundwa kwa kuunganisha hali na joto. Yote mawili yamo vitabuni. Jotoridi linakumbusha kwamba kipimo ni kimoja, kikiwa na baridi upande mmoja na joto upande wa pili. Halijoto linasema waziwazi kwamba kinachotajwa ni hali ya kitu, wala si kitu kilichoingizwa ndani yake. Kwa sababu hiyo mhadhara huu unalipendelea halijoto, na matumizi ya magazeti na ya watabiri wa hali ya hewa yanaelekea huko pia.

Haja ya kutenganisha dhana hizi mbili huonekana vizuri kabisa pale maji yanapobadili hali. Mama lishe wa Mikumi anayepika maharage kando ya barabara kuu hutia kuni mpaka sufuria ichemke. Maji yakishachemka, akiongeza kuni moto huwa mkubwa, mvuke huwa mwingi na maji hupungua upesi, lakini maharage hayaivi mapema zaidi. Sababu ni kwamba halijoto imesimama. Joto lote linaloongezwa linatumika kuyageuza maji kuwa gesi. Kilo moja ya maji yenye nyuzi 20 huhitaji takriban kilojuli 335 ili ifike nyuzi 100, lakini baada ya hapo huhitaji takriban kilojuli 2,257 ili yote iwe mvuke, yaani karibu mara saba. Katika muda huo wote kipimajoto hakipandi. Mwanafunzi mwenye neno moja tu, "joto", atasikia sentensi isiyowezekana: joto linaongezeka na joto haliongezeki. Mwenye maneno mawili atasikia sentensi ya kweli: joto linaongezwa, halijoto haibadiliki.

Mambo ni hayohayo kwa barafu. Kilo moja ya barafu yenye nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334 ili iwe maji yenye nyuzi 0. Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji yaleyale kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Wanaistilahi wameliita joto fiche, na jina hili ni zuri, kwa kuwa ni joto lililoingia bila kipimajoto kulitangaza.

Mpishi mzoefu ana kitenzi kingine kwa hatua hii, "tokota", kinachotaja kule kutoa mapovu na sauti kunakoendelea baada ya maji kuchemka. Ni hazina isiyotumiwa vya kutosha. Kuchemka kungeweza kubaki kuwa jina la kufikia kiwango, na kutokota kuwa jina la kudumu katika kiwango hicho, na walimu wangepata namna ya kueleza kituo cha halijoto pasipo kutunga neno jipya.

Kiwango chenyewe cha kuchemka si kimoja mahali pote. Kila mtu apandapo takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua. Kilosa na Mikumi maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi, Iringa kwenye nyuzi 95 hivi, na katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kwenye nyuzi 81 hivi. Kanuni hii inatumika kila siku katika viwanda vya sukari vya Kilombero, ambavyo kimojawapo kiko Ruembe, kusini mwa Mikumi. Maji ya miwa yangechemshwa kwa moto wa kawaida hadi yakauke, sukari ingeungua. Kwa hiyo hupikwa katika mitambo ambamo hewa imepunguzwa, na maji hutokota na kuondoka kwenye nyuzi 60 hadi 70 hivi, huku sukari ikisalia salama. "Kuchemka", basi, hakumaanishi kuwa moto wa kuunguza. Ni jambo ambalo msemaji wa kawaida hulipinga mpaka alione.

Mfano wa mwisho wa sehemu hii hauhitaji mtambo wowote. Maji ya mtungini huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka mtungi. Udongo uliochomwa una vinyweleo. Maji kidogo hupenya hadi nje na huvukizwa na upepo. Na kila gramu inayoondoka huchukua joto kutoka kwa yale yanayobaki. Mtungi wa lita 10 ukipoteza gramu 100 tu kwa njia hiyo, joto linalochukuliwa linaweza kuyashusha maji yaliyobaki kwa karibu nyuzi 6, kama hapana joto jipya linaloingia kutoka nje. Kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtungi hupoza vizuri; masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, hupoza kidogo. Watumiaji wa mitungi wanalijua jambo hili. Lililokosekana ni kulifungamanisha na neno mvukizo, ambalo mwanafunzi hulikuta kitabuni akidhani ni habari ya bahari na mawingu tu.

6.0 Sarufi ya badiliko

Baada ya nomino, vitenzi. Ukitazama vitenzi vinavyotaja athari ya joto, mpangilio mmoja hujitokeza mara kwa mara: chemka na chemsha, yeyuka na yeyusha, kauka na kausha, waka na washa. Upande mmoja kitu kinabadilika. Upande wa pili kipo kinachokibadilisha. Kihistoria "sh" hii ni zao la "k" iliyokutana na kiambishi cha kutendesha. Kwa hiyo kila msemaji wa Kiswahili, tangu utotoni, hulazimika kuchagua: je, anasema habari ya maji, au habari ya kilichoyafanya maji yawe vile?

Uchaguzi huu ni wa kisayansi. "Barafu imeyeyuka" ni taarifa ya hali. "Jua limeyeyusha barafu" ni dai la sababu, na dai la sababu linaweza kuwa la uongo hata kama taarifa ya hali ni ya kweli. Kilimanjaro inatoa mfano. Barafu ya mlima huo, iliyokuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912, ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2 mwaka 2011. Watu wengi husema imeyeyuka. Watafiti wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya barafu ya kileleni, mahali penye baridi na ukavu, hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Kwa Kiswahili makini, basi, barafu hiyo kwa sehemu imeyeyuka na kwa sehemu imevukizwa. Kitenzi kisichofaa huleta maelezo yasiyofaa.

Vitenzi vingine havifuati mpangilio wa "k" na "sh", navyo vinafundisha pia. "Poa" hujibiwa na "poza", na "ganda" hujibiwa na "gandisha". Hivi viwili vya kupoteza joto havina ile "k" ya kutendeka. Kinyume cha "ganda" kwa mujibu wa sarufi ni "ganduka", yaani kubanduka, lakini hapana anayelitumia kwa barafu. Lugha imechagua kitenzi kingine kabisa, "yeyuka", na kwa kufanya hivyo imeyaona mabadiliko mawili yanayopingana kuwa matendo mawili yenye tabia tofauti: moja la kushikamana, jingine la kulegea. Fizikia ya chembechembe za maji haisemi kinyume cha hilo. Katika barafu chembe zimeshikana mahali pamoja. Katika maji zimelegea na huteleza.

7.0 Swali la Mpemba

Haiwezekani kuzungumzia kuganda kwa maji nchini Tanzania bila kumtaja Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu aliingiza maziwa yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alimkuta rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba hiyo ndiyo njia yao ya kila siku. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Hatimaye alimuuliza Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu kilichoko Dar es Salaam, aliyekuja kutoa mhadhara shuleni: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35, vikiwa vyombo sawa na ujazo sawa? Osborne hakucheka. Alirudi na kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba duniani kote.

Wanafizikia hawajakubaliana. Wapo wanaolieleza kwa mvukizo, kwa mizunguko ya maji ndani ya chombo au kwa gesi zilizoyeyuka majini; wapo pia, kama Burridge na Linden katika makala yao ya mwaka 2016, walioona kwamba vipimo vikifanywa kwa uangalifu athari yenyewe haithibitiki. Mabishano hayo hayaipunguzi thamani ya kisa hiki kwa wanafunzi wa lugha. Watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga walikuwa na maarifa, ya kweli au ya kuhitaji kupimwa, na walikuwa wakiyazungumza kwa lugha yao. Shule ilikuwa na nadharia, kwa lugha nyingine. Baina ya hizo mbili alisimama kijana mmoja aliyekubali kudharauliwa. Ni wangapi waliouliza mara moja, wakachekwa, wakanyamaza?

Swali hili lina uzito mpaka leo. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967, lakini sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi juu; pendekezo hilo halikutekelezwa. Mtoto wa Kilosa aliyejifunza kuyeyuka, kuganda na mvukizo kwa Kiswahili huanza kidato cha kwanza kwa kuyakuta mambo yaleyale katika majina mapya, na mara nyingi hukariri majina hayo pasipo kuyaunganisha na mtungi, sufuria na mafuta ya nazi. Anayekariri hana swali la kuuliza, kwa kuwa swali huzaliwa pale jambo lililoonwa na jambo lililosomwa vinapokutana na kutopatana.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili kuhusu hali za maji una tabaka tatu: maneno ya asili, kama vile maji, ganda, yeyuka, tokota na mvuke; maneno yaliyopokewa, kama barafu na theluji; na istilahi zilizobuniwa, kama halijoto, kanieneo na joto fiche. Tabaka hizi hazigombani. Kinachohitajika ni kuzipanga.

Mambo matatu yanapendekezwa. La kwanza ni kwa waandishi wa vitabu: watenganishe joto na halijoto tangu somo la kwanza, wala wasilitumie neno joto kwa maana zote mbili katika ukurasa mmoja. La pili ni kwa wanaistilahi: kabla ya kubuni, wasikilize lugha ya mpishi, ya mfinyanzi na hata ya mkenekaji, kwa kuwa humo mna vitenzi ambavyo vimekwisha kupimwa na matumizi. La tatu ni kwa vyuo vikuu: lugha kama Kisagara na Kividunda, ambazo vijana wengi wa Kilosa na Mikumi wanaziacha kwa ajili ya Kiswahili, zichunguzwe katika nyanja hii ya maji, joto na baridi kabla wazee wanaozijua hawajaondoka. Kamusi ya maneno hayo ingekuwa na faida kwa isimu linganishi na kwa walimu wa sayansi wa huko pia.

Lugha ambayo mtu anaweza kusema kwayo kwamba joto linaongezwa lakini halijoto imesimama haiwezi kuitwa lugha isiyofaa kwa sayansi. Lililobaki ni kuwaruhusu wanaoizungumza waulize maswali yao kwayo, na kuwajibu.